Babu aliandikwa "Mnyika": je, ni tusi au lilikuwa jina lake?

Swali: "Ninakusanya historia ya familia ya baba yangu ili nichapishe kijitabu kwa ajili ya watoto wetu. Katika nakala ya cheti cha ubatizo cha babu, cha mwaka 1927, kwenye nafasi ya kabila karani ameandika 'Mnyika', basi. Baba alifariki nikiwa mdogo, tukakulia Nairobi, na sisi tunajijua kuwa Wamijikenda tu. Sina hakika ni wa jamii gani kati ya zile tisa. Shangazi yangu alipoliona neno hilo alikasirika, akasema ni tusi na lisionekane kitabuni. Baba mdogo anasema hilo ndilo jina tuliloitwa na hakuna haja ya kuliona haya. Rafiki yangu kutoka Mbeya ananiambia Wanyika ni watu wa kwao, kwa hiyo huenda babu alitoka Tanganyika. Mwingine anasema neno lilibuniwa na Wazungu. Nimwamini nani, na niandike nini?"

Jibu: Ndugu msomaji, naelewa uzito wa unachouliza. Unaogopa mambo mawili yanayovutana: ukiliacha neno hilo, utakuwa umemvunjia babu heshima mbele ya wajukuu wake, ukilifuta, utakuwa umeichezea hati ambayo huenda ndiyo ushahidi pekee wa maandishi ulio nao. Shangazi yako na baba yako mdogo wote wawili wamesema jambo la kweli, kila mmoja kwa namna alivyolisikia neno hilo maishani mwake. Marafiki zako wawili ndio waliokosea, ingawa kosa la kila mmoja lina chanzo kinachoeleweka. Lakini nadhani cheti hicho kina hasara nyingine ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeigusa: karani alipoandika "Mnyika", aliacha kuandika jina ambalo babu yako angejitaja kwalo mwenyewe. Hilo ndilo ningependa ulifuatilie kuliko yote.

La rafiki yako wa Mbeya halitatuchelewesha. Ni kweli kwamba kusini-magharibi mwa Tanzania wako watu wajiitao Wanyiha, na kwamba katika vitabu vya zamani, na pengine hata leo kwa wasemaji wa Kiswahili, huitwa Wanyika. Hao ni watu wengine, wenye lugha na historia yao, na ufanano wa majina hauwafanyi kuwa jamaa wa familia iliyobatizwa pwani ya Kenya. Jina la Tanganyika nalo lisikupoteze, kwa maana Waingereza waliipa nchi jina hilo mwaka 1920 kwa kulichukua kutoka kwa ziwa.

Sasa tuje pwani. Neno nyika halina ubaya wowote, nawe unalisikia hadi leo likitajwa katika habari za wanyamapori na malisho: ni nchi kavu iliyo wazi, yenye nyasi na miiba, isiyo na mji wala mashamba. Mtu akitoka Mombasa na kuelekea bara, akishavuka vilima vya karibu na bahari, huingia katika nchi ya namna hiyo hasa, kuelekea Taru, na safari za zamani ziliogopa kiu yake. Kwa mtu aliyekaa kisiwani Mvita, katika mji wa mawe wenye misikiti na bandari, kila kilichokuwa nyuma ya bahari kilikuwa upande wa nyika, na watu waliotoka upande huo wakaitwa Wanyika. Kwa sura yake ya kwanza, basi, neno hilo linafanana na kusema "watu wa bara" au "watu wa milimani".

Ila ukiichukua ramani utaona mara moja kwamba neno halikuwa likieleza ardhi peke yake. Warabai, Waribe, Wakambe na Wajibana waliishi juu ya vilima vya kijani vyenye minazi na misitu minene, ambamo walijenga makaya yao, yaani miji yao iliyozungukwa na msitu na kulindwa kwa malango. Hiyo si nyika hata kidogo. Wadigo nao waliishi, na wanaishi bado, kando ya bahari yenyewe kusini mwa Mombasa, wakivua samaki katika maji yale yale wanayovua Waswahili, na bado waliitwa Wanyika. Waduruma labda ndio ambao jina lingewafaa kwa maana ya ardhi, kwa kuwa sehemu kubwa ya nchi yao ni kavu kweli. Neno linapomwita mvuvi wa ufukweni mtu wa nyika, tayari limekwisha kuacha kazi ya kutaja mahali na limeanza kutaja cheo.

Cheo hicho kilikuwa nini? Mji wa pwani ulijipima kwa uungwana: Uislamu, mavazi, nyumba ya mawe, elimu ya kusoma, ufasaha wa maneno. Aliye ndani ya mambo hayo alikuwa mwungwana, na aliye nje yake aliitwa kwa majina kadhaa, mengine ya upole na mengine makali. Mnyika lilikuwa mojawapo, na ukali wake ulitegemea nani anasema, wapi, na kwa sauti gani. Usidhani hata hivyo kwamba pande hizi mbili zilikaa zikitazamana kwa dharau tu. Watu wa makaya waliuza mjini nafaka, pembe za ndovu, sandarusi na tembo la mnazi. Mataifa kumi na mawili ya Mombasa, yaani makundi ya koo za Waswahili wa mji huo, yalikuwa na mapatano ya kudumu na jamii za makaya, ambayo yalihusu biashara, hifadhi na msaada wakati wa vita. Na njaa ilipoingia upande mmoja, watu walikimbilia upande wa pili. Mtu aliyehamia mjini, akasilimu, akaoa au akaolewa huko, aliweza katika kizazi kimoja au viwili kuhesabiwa katika mojawapo ya mataifa ya mji, na hakuna aliyemwita Mnyika tena. Kwa hiyo "Mnyika" lilikuwa jina la hali ambayo mtu angeweza kuiacha. Tena lugha za pande hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja: wataalamu huziweka Kiswahili, lugha za Kimijikenda na Kipokomo katika kundi la Sabaki, lililopewa jina la mto ule unaoingia baharini karibu na Malindi. Wanaosema miji na wanaosema midzi wamepata neno kwa mama mmoja.

Naomba uzingatie hili, kwa sababu ndilo linalomjibu rafiki yako wa pili. Wazungu hawakulibuni neno hilo. Walilikuta mdomoni mwa watu wa mji. Wareno, waliotawala Mombasa kwa muda mrefu kabla ya kufika wamisionari, waliwaita watu wa bara ya karibu kwa jina jingine kabisa, Mosungulos, ambalo limebaki katika kumbukumbu zao za karne ya 17. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, na mwenzake Johannes Rebmann alipomfuata mwaka 1846 wakafungua kituo Rabai, wenyeji wao mjini waliwaambia kwamba watu wa vilimani ni Wanyika, nao wakaandika "Wanika". Walichofanya Wazungu ni kitu kingine, nacho si kidogo: walilichukua neno la kuzungumzia, ambalo maana yake ilipanuka na kusinyaa kulingana na msemaji, wakalifanya jina la kabila lililoandikwa kitabuni. Kamusi waliyoikusanya Krapf na Rebmann, iliyochapwa mwaka 1887 baada ya wote wawili kufariki, iliitwa kamusi ya Kinika, kana kwamba palikuwa na lugha moja yenye jina hilo na watu wake walijua kwamba ndiyo wanayoisema. Miaka michache baadaye, mwaka 1891, mmisionari W. E. Taylor alitoa mkusanyo wake wa msamiati na kuuita wa Kigiriama, kwa jina la wasemaji wenyewe. Kwa maoni yangu Taylor alisikiliza vizuri zaidi, lakini neno la jumla lilikuwa limekwisha kupata miguu.

Serikali ya kikoloni ililipenda neno hilo kwa sababu iliyo wazi. Utawala wa Waingereza, ulioanza rasmi mwaka 1895, ulitaka kila mtu awe na kabila moja, kila kabila liwe na eneo lake, na kila eneo liwe na mtu wa kumwuliza kuhusu kodi na vibarua. Wilaya ikaitwa Nyika, ardhi ya hifadhi ikaitwa ya Nyika, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanaume walipolazimishwa kubeba kipande, yaani kitambulisho cha kikoloni, kabila likawa jambo la kujazwa kwenye karatasi. Mlango ule niliokueleza, ambao mtu wa kaya angeupitia na kuwa mtu wa mji, ukaanza kufungwa, kwa maana sasa kuhama kutoka jina moja kwenda jingine kulibadilisha kodi, haki ya ardhi na daraja la mtu mbele ya sheria. Hapo ndipo neno lilipozidi kuwa zito. Dharau ya jirani huweza kujibiwa kwa utani, na kesho mkauziana mahindi. Daraja lililoandikwa na serikali halijibiwi kwa utani.

Ajabu ni kwamba serikali hiyo hiyo ilipolazimika kukabiliana na watu hao ana kwa ana, ililitafuta jina halisi. Mwaka 1913 na 1914, Mekatilili wa Menza na wenzake walipowaongoza watu kukataa kodi, kazi za kulazimishwa na kuhamishwa kutoka ardhi iliyo kaskazini mwa mto Sabaki, na jeshi likailipua Kaya Fungo kwa baruti, taarifa zilizungumza kuhusu Wagiriama. Karani aliyeandika cheti cha babu yako hakuwa na haraka ya namna hiyo. Katika vituo vya misheni vya pwani, Rabai ukiwa mfano mkubwa, waliishi pia watu waliokombolewa kutoka utumwani na uzao wao, ambao asili zao zilikuwa mbali sana. Huenda kwa karani "Mnyika" lilimaanisha tu kwamba huyu ni mwenyeji wa hapa. Sioni dalili ya matusi katika mwandiko wa cheti. Naona uvivu wa ofisi, ambao umekuachia wewe kazi miaka yote hii baadaye.

Hili linatupeleka kwa shangazi yako. Yeye hakulisoma neno hilo kwenye kamusi, alilisikia likitamkwa. Kizazi chake kilikua wakati Wamijikenda waliokwenda mjini kutafuta shule na kazi waliitwa Wanyika kwa maana ya washamba wasiostaarabika, na aliyeitwa hivyo alijua kabisa kwamba hakuelezwa mahali anapotoka, bali aliambiwa mahali anapopaswa kubaki. Maumivu hayo ni ushahidi wa historia sawasawa na cheti. Nakusihi usimjibu kwa kumweleza asili ya neno nyika, kana kwamba maana ya shina inafuta maana ya matumizi. Neno humwumiza mtu kwa jinsi lilivyotumiwa, na matumizi ya kudharau ndiyo yaliyoshinda mwishowe.

Ndiyo maana, katika miaka ya 1940, viongozi na wasomi wa jamii hizo walipoungana katika chama chao mjini Mombasa, walichagua jina Mijikenda na kuliweka mahali pa Wanyika. Wewe unalijua jina hilo tangu utotoni, na huenda ukadhani ni la tangu Shungwaya, nchi ya kaskazini ambayo masimulizi yanasema ndiko watu wa makaya walikotoka. Hapana. Fikra ya makaya yenye undugu ni ya zamani, ingawa wanahistoria wanabishana ni ya zamani kiasi gani, lakini jina Mijikenda kama jina la watu wote kwa pamoja ni jipya kuliko babu yako. Ni jina lililotungwa kwa busara: miji ni mji wa kaya, na kenda ni tisa kwa Kiswahili cha asili. Jina la zamani liliwatambulisha kwa kukosa mji. Jipya likatangaza kwamba wana miji, tena tisa. Likaingia katika siasa, mashule na hesabu za watu, na katika sensa ya mwaka 2019 karibu watu milioni 2.5 walihesabiwa chini yake.

Na baba yako mdogo? Naye asipuuzwe. Yako majina yaliyotolewa na wengine kwa kutazama dira, na wenyewe wakayachukua yakawa fahari yao. Wasukuma maana yake ni watu wa kaskazini, kwa mtazamo wa majirani zao wa kusini. Wanyamwezi, kwa maelezo yaliyozoeleka, waliitwa hivyo na watu wa pwani kwa kuwa walitoka upande wa magharibi unakoandama mwezi. Hata Waswahili ni jina la mahali, kutoka neno la Kiarabu la pwani, na waungwana wengi wa Mombasa na Lamu hawakulipenda zamani, wakitaka waitwe Wamvita au Waamu, hasa baada ya watu waliotoka utumwani kuanza kujiita Waswahili. Kwa hiyo jina la kijiografia halizaliwi likiwa tusi, na ingewezekana kabisa Wanyika nalo lingebaki. Halikubaki, kwa sababu walioitwa hivyo walikaa pamoja wakalikataa, na uamuzi wa aina hiyo ni wao. Baba yako mdogo ana haki ya kukumbuka kwamba wazee wake waliitikia jina hilo bila kuinamisha kichwa. Hana haki, nadhani, ya kulirudisha kwa niaba ya wote.

Basi uandike nini? Njia ya kwanza, ya kulifuta kabisa neno kama anavyotaka shangazi, ina upole, lakini itamnyima mjukuu wako njia ya kufuata. Siku akitafuta habari za babu yake katika vitabu vya karne ya 19, hatapata Mijikenda hata mara moja. Atapata Wanika, Wanyika, Nika na Kinika, na asipojua majina hayo atadhani familia yake haikuwapo duniani. Njia ya pili, ya kulitumia katika maelezo yako mwenyewe, kwa mfano kusema "babu alikuwa Mnyika kutoka Rabai", siiungi mkono, kwa kuwa hapo utakuwa umeacha kunukuu na kuanza kuita. Ninayoipendekeza ni kuonyesha cheti kama kilivyo, neno likiwa ndani ya alama za kunukuu, na chini yake sentensi mbili au tatu zinazoeleza kwamba ndivyo watu wa makaya walivyoandikwa zamani, kwamba jina hilo lilitoka mjini, na kwamba jamii yenyewe ililiacha. Katika maelezo mengine yote tumia Mijikenda. Mweleze shangazi hivyo kabla ya kuchapa, na ukiweza umwombe akuandikie kwa maneno yake alilisikiaje neno hilo ujanani. Maelezo yake yatakuwa na thamani kubwa kuliko yangu.

Hata hivyo Mijikenda peke yake haitoshi, kwa sababu nalo ni jina la jumla, na babu yako alizaliwa kabla halijaenea. Yeye alikuwa wa mojawapo ya jamii tisa, ambazo ni Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma, na ndani yake alikuwa wa ukoo fulani na kaya fulani. Tazama tena cheti: jina la kituo, la baba wa babu, la wadhamini wa ubatizo. Kituo kinakupa dokezo, lakini si jibu, kwa kuwa Wagiriama walibatizwa Rabai na Warabai waliishi kwingine. Majina ya watu nayo yanadokeza tu, maana mengi yanashirikiwa na jamii mbili au tatu. Jihadhari pia na tahajia, kwani Giriama huandikwa Giryama, na Jibana huandikwa Dzihana.

Zaidi ya hapo siwezi kukufikisha kwa barua, na huu ndio wakati wa kuonana na watu. Anza na baba yako mdogo. Usimwulize kabila, mwulize ukoo, mahali walipozikwa wazee, na watu waliofika kwenye matanga kutoka mbali. Kisha nenda parokia iliyotoa cheti uombe kuona daftari lenyewe, kwa sababu nakala mara nyingi huacha maelezo yaliyoandikwa pembeni. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, ina mafaili ya utawala wa wilaya za pwani, na ukiomba msaada wa mtunza nyaraka mwambie atafute kwa majina yote mawili, la zamani na la sasa. Ukishapata jina la ukoo, hata kama huna uhakika nalo, watafute wazee wa kaya. Makaya kadhaa yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, na wazee wanaoyatunza wamezoea wageni, lakini usiende peke yako wala usiingie msituni bila kupokelewa. Nenda na ndugu mzaliwa wa huko, uulize utaratibu kabla, na usipige picha mpaka uruhusiwe. Huko jina la babu na la baba yake yakitajwa mbele ya mzee anayejua koo, mara nyingi hupatikana mtu wa kukuambia ni mtoto wa nani.